Kifungo cha nje: tuwapime vijana wetu akili kabla ya kuwalaumu

Kijana wa jirani yangu alipewa kifungo cha nje. Mara mbili hakwenda kuripoti kwa afisa wa probesheni, na sisi mtaani tukasema ana kiburi. Mamake ndiye aliyejua kuwa mwanawe hapati usingizi na anazungumza na watu asiowaona mtu mwengine.

Si jambo dogo. Kwa Sheria ya Probesheni, Sura ya 64, mahakama yaweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi kwa miezi 6 hadi miaka 3 badala ya kumpeleka jela. Akivunja masharti, hurudishwa kwa hakimu na aweza kuhukumiwa kwa kosa lile lile la mwanzo. Hivyo mgonjwa aweza kuishia jela kwa sababu ya ugonjwa wake.

Kupima huku si kumwita mtu mwehu. Ni maswali tu, ya kujua nani apelekwe kwa daktari. Dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: huzuni, usingizi, hamu ya kula, uchovu. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na mwenye jumla ya 10 au zaidi afaa kuonwa na mtaalamu. Swali la 9 lahusu mawazo ya kujidhuru. Hilo likijibiwa ndiyo, jumla isingojewe. Wala asiogope kusema: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Kwa pombe lipo dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10. Lakini yote mawili hayatamgundua anayesikia sauti, kama kijana wetu. Huyo yataka aulizwe waziwazi, na jamaa zake waulizwe pia.

Naona wakati mzuri ni afisa anapoandaa ripoti ya mahakama kabla ya hukumu, kisha tena baada ya miezi michache. Maswali yaulizwe faraghani, na majibu yawe njia ya tiba, yasigeuzwe kosa jipya. Tena kupima bila pa kumpeleka mtu ni kazi bure. Mombasa tuna kitengo cha akili Port Reitz, na walionaswa na unga wana kliniki ya methadoni Malindi.

Nasi wazazi tuna letu. Twakimbilia kombe na dua, na dua ni silaha ya muumini, lakini dini yetu haikutukataza daktari. Mwana akiugua, chukua kadi ya hospitali umpelekee afisa kabla ya siku ya kuripoti kupita.

Mama yule alifanya hivyo, ingawa kwa kuchelewa. Mwanawe yuko kwenye dawa, na kuripoti sasa wanakwenda wawili.