Maji ya Uwanda wa Makonde

Katika jamii yetu, arejeaye kutoka kusini mwa India hakosi habari za maji. Husimulia maporomoko ya Hogenakkal, ambako mto Kaveri hugawanyika katikati ya miamba, na bwawa la Mettur lililokamilika mwaka 1934. Akiwa amefika Tiruchirappalli, husimulia pia Kallanai, ukingo wa mawe ambao mapokeo humnasibishia mfalme Karikala wa Chola, yapata miaka 2,000 iliyopita, nao ungali ukigawa maji mashambani. Masimulizi hayo twayapenda. Lakini sisi wa Newala na Masasi tunayo historia yetu ya maji, na haina poromoko wala bwawa.

Asimamaye Shimo la Mungu, pale Newala, huona nchi imefunguka chini yake kuelekea mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Mandhari hayo ni ya fahari. Hata hivyo, juu pale aliposimama hapana hata kijito. Mvua hunyesha, bali mchanga huimeza, ikaja kuchomoza kwenye chemchemi za mabondeni. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliona jinsi watu walivyoishi mbali na maji. Sababu mojawapo ilikuwa usalama: Masasi, huko chini, ilivamiwa na Wangoni mwaka 1882. Gharama ya usalama huo waliilipa wanawake, walioteremka magenge na kuyapanda tena na mitungi kichwani.

Katika miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji la Makonde. Mitambo ikayasukuma maji kutoka bondeni hadi juu, yakauzwa kwa debe. Kwetu sisi, kazi hiyo haikuwa ndogo kuliko Mettur. Baada ya Uhuru maji ya vijijini yakawa bure. Mwaka 1971 TANU ikaazimia yamfikie kila mwanakijiji ndani ya miaka 20, na Ufini ikaja kusaidia Mtwara na Lindi. Lakini pampu haiendi kwa maazimio. Sera ya mwaka 1991 ikarudisha uchangiaji, na hata sasa mtambo ukisimama, bei ya ndoo hupanda, na wanaoanza kuhangaika ni wale wale wanawake na binti zao.

Ndiyo maana nyumba nyingi za Newala zina hodhi lililochimbwa ardhini, la kukinga maji ya bati. Hujazwa masika, hufunikwa, kisha huchotwa kwa kipimo hadi mvua za Desemba.