Gambusi huchongwa, udi huundwa

Hebu tulichunguze neno 'udi'. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya mti au ubao. Ndiyo maana Mswahili hufukiza udi na pia hupiga udi: vyote viwili ni mti.

Pwani yetu, hata hivyo, ilikuwa pia na gambusi, lililotoka Yemen. Jina hilo lilisafiri baharini: Komoro ni gabusi, Madagaska ni kabosy. Gambusi huchongwa kwa gogo moja, tumbo na shingo pamoja, kisha huwambwa ngozi. Udi huundwa kwa vibao vyembamba vilivyopindwa na kuunganishwa kwa gundi. Basi hata ukarabati ni tofauti: ubao wa udi ukipasuka huzibwa kwa gundi, ngozi ya gambusi ikichanika huwambwa upya.

Udi ulipotawala taarabu katika karne ya 20, nafasi ya gambusi ilififia. Leo wanafunzi hukariri 'Mwamba ngoma huvutia kwake', ila ni wangapi wamemwona mtu akiwamba? Kwa maoni yangu, kamusi peke yake haitoshi. Wataalamu wetu wa lugha wawaendee mafundi majumbani, wanakili majina ya vifaa na ya sehemu za ala hizi. Fundi akituondokea, maneno yake humfuata.