Jinamizi la 1995: Ulinganisho wa Nadharia za Saikolojia kwa Mfano wa Popobawa Unguja

Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na hatimaye kufika Dar es Salaam. Walioathirika walisimulia kwamba waliamka usiku wakiwa wameelemewa kifuani, hawawezi kujongea wala kupiga kelele. Baadhi walidai kuingiliwa kimwili. Familia nyingi zilihama vyumbani na kukesha nje kwa makundi, zikiota moto. Mjini Unguja, umati ulimuua mtu aliyedhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Kumbe alikuwa mgonjwa wa akili kutoka Tanzania Bara, aliyekuja kutafuta matibabu. Nadharia yoyote inayofafanua hofu hiyo haina budi kufafanua pia kifo hicho.

Nadharia ya kibiolojia huanzia mwilini. Katika usingizi wa ndoto misuli hulegea. Fahamu zikirejea kabla ya misuli, mtu hujihisi amekabwa. Waswahili huiita hali hiyo jinamizi. Ufafanuzi huu unamtosha mtu mmoja kwa usiku mmoja, si mji mzima kwa msimu mzima. Wafuasi wa Freud, akiwemo Ernest Jones katika kitabu chake cha 1931 kuhusu jinamizi, waliona humo matamanio yaliyokandamizwa. Hata hivyo, hofu ya Popobawa haikuwa siri ya nafsi: ilisemekana kwamba asiyesimulia yaliyomfika angerudiwa.

Nadharia ya kitabia inafafanua mkesha: kulala nje kulileta nafuu, na nafuu ikaimarisha mazoea. Nadharia ya utambuzi inafafanua jina: aliyelisikia mchana alifasiri kwalo mkabo wa usiku. Lakini zote mbili hazijibu kwa nini iwe 1995. Oktoba mwaka huo Zanzibar ilifanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, na wengi waliihusisha hofu hiyo na siasa. Martin Walsh, katika makala yake ya 2009, anaonyesha kuwa maelezo hayo ya kisiasa nayo yalibadilika kadiri muda ulivyopita.

Kwa hiyo, nadharia hizi hazishindani kwa swali moja. Biolojia inamwondoa popo chumbani, lakini haiuoni umati barabarani. Mgeni yule hakuuawa na jinamizi. Aliuawa na tafsiri yake, katika mji ambao tayari ulikuwa ukitiliana shaka.