Kutoka jiwe la kusagia hadi blenda: historia ya tui na mikono ya mama zetu



Ndugu wasomaji, kila Ramadhani inapokaribia, majumbani mwetu huanza habari ya nazi. Watoto wanataka mihogo ya nazi, baba anataka maharage ya nazi, na wageni wa futari wako njiani. Na kila mwaka hutokea mama mmoja katika ukoo akasema kwa sauti ndogo kwamba vidole vyake havikazi tena. Baridi yabisi imemwingia, na kukamua tui kumekuwa adhabu. Basi katika toleo hili tumeona tuzungumze historia ya tui na maziwa ya kokwa, na jinsi watu walivyotafuta kuipunguzia mikono kazi.

Tuanzie nyumba ambayo kila Muislamu anaijua. Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa akisaga nafaka kwa jiwe mpaka mikono yake ikaumia. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, asimkute, akamwachia habari Bibi Aisha (R.A.). Usiku Mtume (S.A.W.) akaja, akakaa baina ya Fatma na mumewe Ali (R.A.), akawafundisha kwamba wanapolala walete tasbihi mara 33, tahmidi mara 33 na takbira mara 34, na kwamba hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Wengi wetu tunazijua hesabu hizo, lakini tunasahau kwamba kisa kilianza na mikono inayouma jikoni.

Karne sita baadaye, mjini Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, mwaka 1226. Humo mna vyakula vinavyotiwa lozi zilizomenywa, zikapondwa laini na kuchanganywa na maji mpaka yakawa kama maziwa. Kwa hiyo maziwa ya lozi yanayouzwa leo kwenye maboksi madukani si jambo geni. Wapishi wa Kiislamu waliyajua zamani, na kazi yote ilikuwa ya mchi na mkono.

Upande wa mwambao wetu tunaye shahidi mwingine, Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304. Mnamo mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akiwa kijana wa miaka 27 hivi. Alipokuwa Mogadishu alikula wali wa samli, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha akasafiri mpaka Dhofar, katika Oman ya leo, na huko ndiko alikoeleza jinsi maziwa ya nazi yanavyotengenezwa. Mtu hukaa juu ya kitu kama kiti, mkononi ana fimbo yenye chuma nchani. Nazi hutobolewa tundu, chuma kikaingizwa ndani, nyama ikakwanguliwa na kukusanywa sahanini mpaka nazi ikabaki tupu. Kisha hurowekwa majini, ikawa kama maziwa kwa rangi na ladha.

Wanafunzi wetu walinganishe maelezo hayo na mbuzi ya kukunia nazi tunayoijua. Katika maelezo ya Ibn Battuta, mkono ndio unaoshika chuma. Katika mbuzi yetu, chuma kimefungwa kwenye kibao, na mkunaji anakikalia. Uzito wa mwili ndio unaotuliza chombo, na mikono haina kazi ila kuzungusha kifuu. Aliyefikiria hivyo hakuandikwa kitabuni, lakini aliwahurumia wakunaji. Kifumbu nacho ni hivyo hivyo. Badala ya kukamua chicha kwa kiganja fumba baada ya fumba, mama huijaza katika mfuko huo wa ukili, akausokota, na tui likatoka kwa wingi mara moja. Hata hivyo, kusokota kunataka nguvu ya kifundo cha mkono, na hapo ndipo wazee wetu wanaposhindwa.

Amma sisi wa bara tuna historia yetu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji, na kutoka hapo watu wakavuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo. Kiswahili na Uislamu vilikuja kwa njia hizo pamoja na machungu yake, na mapishi ya pwani yakaja pia. Lakini mnazi hauipendi baridi ya milimani, kwa hiyo wengi walishika karanga. Karanga asili yake ni Marekani ya Kusini, na korosho ni Brazil, na zote mbili zilifika Afrika baada ya safari za Wareno. Karanga ikatwangwa kinuni, ikatiwa maji, ikaunga mboga mahali pa tui.

Nafuu kubwa ilikuja na umeme. Mwaka 1922 Stephen Poplawski, Mmarekani mwenye asili ya Poland, alipata hataza ya chombo chenye visu vinavyozunguka chini yake, kwa ajili ya vinywaji vya maziwa. Mwaka 1937 kiongozi wa bendi, Fred Waring, akaitangaza blenda iliyobeba jina lake. Kilichobuniwa kwa vinywaji vya madukani sasa kinafanya kazi ya mbuzi na kinu.

Tunawashauri kina mama wafanye hivi. Lozi au karanga mbichi zilizomenywa zirowekwe usiku kucha, zilainike. Nazi ikatwekatwe vipande vidogo, isikunwe. Kikombe kimoja cha lozi kwa vikombe vitatu vya maji, na kwa nazi maji yawe ya uvuguvugu, maana mafuta hutoka vizuri zaidi. Baada ya kusaga usikamue. Tandika kitambaa safi cha melimeli juu ya chujio lililo juu ya bakuli, mimina, funga ncha, weka sahani na kitu kizito juu, kisha nenda kaswali. Ukirudi, uzito utakuwa umefanya kazi ya vidole, na kilichobaki kandamiza kwa mwiko. Korosho ni rahisi zaidi, kwani ikirowekwa na kusagwa sana haihitaji kuchujwa. Maziwa haya yawekwe kwenye friji na yatumike mapema. Wala yasichukue nafasi ya maziwa ya mama kwa mtoto mchanga.

Na asiye na blenda afanyeje? Ana watoto na ana mume. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Basi vijana, jioni ya leo muulizeni mama kama mikono inamuuma, kisha kaeni juu ya mbuzi nyinyi.

Wabillahi tawfiq.