Jeshi imara huanzia wapi? Historia fupi kutoka Ukambani

1. Kila bajeti ikisomwa mjadala ni ule ule: jeshi letu liko tayari? Mmoja anataka droni na magari ya deraya, mwingine anataka pesa ziende hospitali. Kuna swali la tatu wote wanaliruka. Uzi huu ni juu ya hilo.

2. Mbumbuni leo iko Makueni. Hadi 1992 huko kote kulikuwa wilaya ya Machakos, na Machakos na Kitui ndiko Waingereza walichota askari wengi wa King's African Rifles. Wakamba wakaitwa "kabila la vita". Sifa tamu, lakini nyuma yake kulikuwa na ukame, kodi, na kijana aliyehitaji mshahara.

3. Mwaka 1938 serikali hiyo hiyo ikaamua mifugo Machakos imezidi, inaharibu udongo. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa bei ya kutupa. Kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kilikuwa kinangoja. Na kwa Mkamba ng'ombe ndio benki, ndio mahari.

4. Maelfu ya watu, akina mama na watoto wakiwemo, wakaenda Nairobi wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa, wakitaka kumwona Gavana. Jina Kariokor lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza. Wengi wao hawakurudi.

5. Kiongozi wao alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Leo jina lake liko kwenye barabara ya City Market, Nairobi. Lakini kabla mwaka kuisha, serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa lazima. Sababu moja kubwa: Italia ilishaiteka Ethiopia 1936, vita vilinukia, na askari Mkamba alikuwa na baba kijijini. Huwezi kumpa mtu bunduki asubuhi, halafu jioni umnyang'anye babake ng'ombe.

6. Vita vikaja kweli. Askari wetu wakapigana Ethiopia, kisha Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

7. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles wakaasi pale Lanet. Walilalamikia mshahara na maafisa Wazungu. Wiki hiyo hiyo Tanganyika na Uganda yalitokea yayo hayo, na serikali zote tatu zikaita Waingereza kuwaokoa. Bunduki zilikuwepo. Mafunzo yalikuwepo. Imani ndiyo haikuwepo.

8. Somo moja liliingia kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 238: uandikishaji lazima uonyeshe sura ya Kenya yote. Mambo ya "kabila la vita" yaishe.

9. Droni tunazihitaji, hakuna ubishi. Lakini tuko Somalia tangu Oktoba 2011. Basi mwanasiasa akija soko la Mbumbuni kujisifu kuhusu silaha mpya, muulize swali la tatu: yule aliyetumwa huko, mjane wake analipwa lini, na wazazi wake wana maji?