Oveni ya gesi ikikataa kuwaka au ikizimika: Anza hapa kabla ya kumwita fundi

KEKI iko tayari kuokwa, wageni wako njiani, na oveni haitaki kuwaka. Au imewaka vizuri, lakini punde unapoachilia kifundo, mwali unafifia na kutoweka. Hapo wengi huanza kuwasha njiti moja baada ya nyingine huku gesi ikiendelea kujaa ndani ya oveni. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo la hatari zaidi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha hitilafu hiyo kwa utaratibu, kuanzia kwenye mtungi hadi kwenye mwali, pamoja na hatua ambazo mwenye jiko anaweza kuchukua mwenyewe na mahali anapopaswa kukomea.

USALAMA KWANZA

Gesi ya kupikia inayouzwa kwa mitungi humu nchini ni mchanganyiko wa propani na butani. Zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa takriban mara moja na nusu, butani kwa takriban mara mbili. Kwa hivyo gesi inayovuja haipandi juu ikatokea dirishani, bali hutambaa sakafuni na kutuama kwenye pembe za chumba.

Wakenya hawajasahau usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka Embakasi, Nairobi, ikaua watu na kuteketeza makazi. Gesi ya jikoni ni kidogo mno ikilinganishwa na ile, lakini tabia yake ni ile ile. Huweza kulipuka inapofikia takriban sehemu 2 katika kila sehemu 100 za hewa. Katika oveni ya lita 60, hiyo ni lita moja na kidogo tu ya gesi, kiasi ambacho kichomeo cha kawaida chaweza kukitoa kwa muda wa dakika moja hivi.

Ndiyo sababu mlango wa oveni hufunguliwa kabla ya kuwasha. Ikiwa unatumia kiberiti, njiti iwake kwanza ndipo gesi ifunguliwe, wala si kinyume chake. Moto usiposhika kwa sekunde 15, zima gesi, acha mlango wazi na usubiri angalau dakika moja kabla ya kujaribu tena.

Ukinusa harufu kama ya mayai viza, usiwashe chochote. Funga gesi kwenye mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi ya umeme, iwe ni ya kuwasha au ya kuzima, kwa kuwa zote hutoa cheche. Gesi yenyewe haina harufu. Harufu hiyo hutiwa kimakusudi ili ikuonye.

OVENI ISIYOWAKA KABISA

Jaribio la kwanza ni rahisi. Washa kichomeo kimoja cha juu ya jiko. Kikikataa, au kikitoa mwali mdogo na dhaifu, basi kosa haliko kwenye oveni. Liko kwenye mtungi, regulata au mpira wa gesi.

Mtungi hupimwa kwa mizani, si kwa kutikiswa. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Pima uzito wote, toa ule wa mtungi mtupu, na kinachosalia ndicho kiasi cha gesi. Mtungi uliojazwa kilo 6 au 13 unapaswa kutimiza hesabu hiyo siku unaponunuliwa. Usipotimiza, umepunjwa.

Wakazi wa maeneo ya baridi kama vile Limuru, Nyandarua na Eldoret wana jambo la ziada la kuzingatia. Propani huchemka na kuwa mvuke hata kwenye baridi kali, lakini butani huacha kugeuka mvuke halijoto inapokaribia nyuzi sifuri. Isitoshe, mtungi hujipoza wenyewe kadiri gesi inavyotoka, na propani ndiyo hutangulia kwisha. Ndiyo maana mtungi uliobakisha kidogo waweza kuchemsha chai asubuhi ya Julai lakini ukashindwa kuendesha oveni, ambayo hunywa gesi nyingi zaidi kwa muda mrefu. Usiutie mtungi kwenye maji ya moto wala kuusogeza karibu na moto. Badilisha mtungi.

Kuna pia regulata zenye kifaa cha usalama ambacho hujifunga gesi inapotoka kwa kasi kupita kiasi. Mtu akifungua mtungi kwa pupa huku kifundo cha jiko kikiwa wazi, kifaa hicho hudhani kuna uvujaji. Funga vifundo vyote, ondoa regulata na uirudishe kama inavyoelekezwa na waliyoitengeneza, kisha ufungue gesi polepole.

Kagua mpira kwa macho na kwa povu la sabuni. Paka povu kwenye maungio yote gesi ikiwa imefunguliwa. Likichemka na kutoa mapovu mapya, gesi inavuja. Mpira uliopasuka, uliokauka au uliolegea haufungwi kwa utepe, bali hubadilishwa.

Ikiwa vichomeo vya juu vinawaka barabara na oveni pekee ndiyo inayokataa, sikiliza mlio wa cheche. Viwashio vingi hutegemea umeme, kwa hivyo stima ikipotea, cheche nazo hupotea. Hapo tumia kiberiti kirefu, mradi kitabu cha maelezo ya jiko lako kinaruhusu. Cheche zikionekana lakini zisishike, huenda ncha ya kiwashio imelowa maji au kufunikwa na mafuta. Isafishe na kuikausha.

Cheche zikiwa nzuri na gesi haisikiki ikitoka, shaka huiangukia nozeli, yaani kitundu chembamba kinachorushia gesi ndani ya kichomeo. Buibui hupenda kutaga humo jiko linapokaa bila kutumika, na mafuta ya kuchomea nyama huziba kilichosalia. Safisha kichomeo kwa brashi laini. Usichokoe nozeli kwa sindano. Tundu lake limetobolewa kwa kipimo, na likipanuka kidogo tu, mwali huwa mkubwa, wa manjano na wenye masizi.

OVENI INAYOWAKA KISHA KUZIMIKA

Hili ndilo lalamiko la kawaida zaidi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi.

Ukichungulia kando ya kichomeo, utaona kijiti cha chuma ambacho ncha yake huguswa na mwali. Mafundi hukiita themokapo. Ndani yake mna metali mbili tofauti zilizoungwa, na zikipashwa moto kwenye maungio hayo huzalisha umeme mdogo mno. Mwanafizikia Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka wa 1821. Umeme huo, ambao ni sehemu ndogo tu ya volti moja, hutosha kushikilia sumaku inayoiacha vali ya gesi wazi.

Unapobonyeza kifundo, kidole chako ndicho kinachoshikilia vali. Unapokiachilia, kazi hiyo hupokelewa na themokapo. Ikiwa haijapata joto, vali hujifunga na moto huzimika. Kwa hivyo, kabla ya kulaumu jiko, endelea kubonyeza kwa sekunde 10 hadi 15 baada ya moto kushika, kisha achilia taratibu na ufunge mlango bila kuubamiza. Upepo wa mlango pekee waweza kuuzima mwali mchanga.

Oveni ikiendelea kuzimika, funga gesi, subiri ipoe, kisha tazama mambo matatu. Je, ncha ya themokapo ina masizi? Ifute kwa msasa laini. Je, imepinda ikakaa mbali na mwali? Irudishe ndani ya mwali. Je, waya wake wa shaba umelegea unapoingia kwenye vali? Fundi na aukaze. Mambo hayo yakiwa sawa na hali haijabadilika, themokapo imechakaa na yafaa kubadilishwa.

Oveni inayozimika baada ya dakika kadhaa huweza kuwa inakosa hewa. Wapishi wengi hutandika karatasi ya foili kwenye sakafu ya oveni ili kuikinga na mafuta, wakaziba matundu ambayo mwali hupumulia. Iondoe.

Tahadhari kubwa ni hii. Wapo mafundi ambao, wakikosa themokapo mpya, hujitolea kuondoa sumaku au kuikaza vali ibaki wazi daima. Oveni itawaka bila shida, na bei itakuwa nafuu. Lakini siku ambayo upepo utauzima mwali huku mwenye nyumba akiwa sebuleni, hakutakuwa na kitu cha kuizuia gesi. Itajaa ndani ya oveni, imwagike sakafuni na kumngojea atakayewasha kiberiti. Oveni inayojizima inaudhi, lakini inafanya kazi iliyoundiwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

MAJIKO YALIYOTOKA NG'AMBO

Wanaorejea nyumbani na majiko yao wajihadhari. Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, nyumba hupata gesi asilia kwa mabomba, na nozeli za majiko hayo huwa na matundu makubwa zaidi. Yakiunganishwa na mtungi bila nozeli kubadilishwa, hutoa miali mirefu ya manjano. Aidha, oveni nyingi za Marekani hazina themokapo, bali huwashwa na kijiti kinachowaka kwa umeme kama kaa la moto. Kijiti hicho kikichakaa huweza kung'aa bila kupitisha umeme wa kutosha kufungua vali. Mwenye oveni hudhani ni kizima kwa sababu anakiona chekundu.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Mwali mzuri ni wa bluu na umetulia. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui kikamilifu na huenda inatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu ambayo huua. Zima oveni, fungua madirisha na uache kuitumia hadi ikaguliwe.

Kusafisha, kukausha, kupima mtungi na kupaka povu la sabuni ni kazi za mwenye jiko. Vali, nozeli na maungio ya gesi ni kazi ya fundi mwenye ujuzi. Akimaliza, mwombe akuonyeshe mambo mawili: povu la sabuni lisilotoa mapovu mapya kwenye maungio, na oveni inayofunga gesi yenyewe mwali unapozimwa. Vali ikijifunga husikika ikitoa mlio mfupi, kwa kawaida kabla ya dakika moja na nusu kupita. Usipousikia, usimlipe bado.