Mnyororo wa Thamani: Nani Ameshika Ncha?

Haipiti wiki Tanzania bila redio au gazeti kumnukuu kiongozi akiwahimiza wakulima "waongeze mnyororo wa thamani". Husemwa kwa korosho, kwa mwani, kwa mkonge, kwa maziwa. Msikilizaji aliyeko Makorora, jijini Tanga, anaelewa mara moja kinachokusudiwa: mazao yasiuzwe ghafi, yasindikwe kwanza ndipo yapate bei. Ushauri wenyewe ni mwema. Kilichopotea njiani ni maana ya istilahi.

Kinachoongezwa ni thamani. Mnyororo hauongezwi, kwa kuwa upo hata pale mkulima anapouza kila kitu kama kilivyotoka shambani. Tofauti ni kwamba hapo viungo vingi vimo mikononi mwa watu wengine. Huenda hilo likaonekana kosa dogo la lugha, lakini linafuta swali ambalo watafiti wa menejimenti na mikakati ya biashara waliiunda istilahi hii ili kulijibu: kati ya shamba na mlaji kazi ni zipi, nani anazifanya, na pesa inabaki kwa nani?

Istilahi ilianza kuvuma mwaka 1985, Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipochapisha kitabu chake kuhusu namna kampuni inavyojipatia ubora juu ya washindani. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni haieleweki ikitazamwa kama kitu kimoja. Sharti ipasuliwe katika kazi zinazofuatana: kupokea malighafi, kuzalisha, kusafirisha bidhaa, kutafuta soko na kuuza, kisha kumhudumia mteja baada ya mauzo. Chini ya hizo kuna kazi za kusaidia, yaani ununuzi, teknolojia, rasilimali watu na uendeshaji wa jumla. Kila kazi inagharimu, na kila kazi inaongeza kitu ambacho mteja yuko tayari kukilipia. Gharama zinapotolewa katika kile ambacho mteja analipa, kinachobaki ni faida. Mkakati, kwa Porter, huanzia hapo: kujua ni katika kazi ipi kampuni inamzidi mwenzake.

Kwa Kiswahili dhana hiyo imetafsiriwa neno kwa neno, na maneno yote mawili yaliyotumika yana historia yake. "Thamani" limetoka Kiarabu, ambako asili yake ni bei. Kiswahili kimelipanua: kitu chaweza kuwa na thamani kubwa na bei ndogo, au kinyume chake. Watanzania wengi walilizoea katika shughuli za pesa kuanzia tarehe 1 Julai 1998, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilipoanza kutozwa. Kodi hiyo imejengwa juu ya wazo linalofanana na la Porter, kwamba kila hatua ya biashara inaongeza kiasi fulani na kiasi hicho kinaweza kupimwa peke yake.

"Mnyororo" ni neno zito zaidi pwani. Pangani, kusini mwa Tanga, lilikuwa lango la misafara, na mnyororo uliojulikana huko karne ya 19 ulikuwa shingoni mwa watumwa. Wakati wa Wajerumani ukawa wa wafungwa. Wataalamu wa biashara walilichukua kwa maana ya pili, ya viungo vilivyoshikana. Hata hivyo maana ya kwanza haijatoka kabisa, na watafiti waliokuja baada ya Porter waliikaribia bila kukusudia.

Kabla ya kuwafikia, kuna jirani mmoja wa istilahi hii anayefaa kutengwa nayo. "Mnyororo wa ugavi" unahusu mwendo wa mali: imetoka wapi, imehifadhiwa wapi, imefika lini. "Mnyororo wa thamani" unapita njia hiyohiyo ukiwa na swali jingine: kila hatua imeongeza nini, na aliyeiongeza amelipwaje? Lori lililokwama barabarani ni tatizo la ugavi. Mfugaji anayelipwa sehemu ndogo ya bei ya dukani ni suala la thamani.

Mfano wa karibu umo katika majokofu ya maduka ya Makorora: pakiti ya maziwa ya Tanga Fresh. Mtu akiifuata kinyumenyume atapita kwa wakala, kiwandani, kwenye gari la tanki, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, hadi kwenye banda la mfugaji wa Muheza, Korogwe au Lushoto. Njia hiyo haikujiotea. Mwaka uleule wa kitabu cha Porter, 1985, mradi wa maziwa kwa wafugaji wadogo uliosaidiwa na Uholanzi ulianza Tanga. Wafugaji walipata mitamba chotara kwa utaratibu wa kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe, wakafundishwa kufugia bandani na kupanda majani ya tembo na ya Guatemala. Maziwa yakaongezeka. Hapo ikadhihirika kwamba kukamua zaidi si kuuza zaidi, kwa kuwa maziwa hayangoji.

Mwaka 1993 vyama vya msingi viliungana kuwa ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, TDCU. Katikati ya miaka ya 1990 ushirika huo na wabia wa Kiholanzi walianzisha Tanga Fresh. Kwa lugha ya mikakati, wafugaji walishika viungo viwili walivyokuwa hawana: ukusanyaji kupitia vyama vyao, na usindikaji kupitia hisa zao kiwandani. Kituo cha kukusanyia ndicho kiungo cha kutazamwa kwa makini. Hapo maziwa hupimwa kwa laktometa kuona kama yametiwa maji, na kwa spiriti kuona kama yameanza kuchacha, kisha humiminwa katika tanki la kupoza. Kabla ya kipimo, ni maziwa ya mtu fulani. Baada ya kipimo ni bidhaa yenye daraja, inayoweza kusafiri.

Watafiti nao walifika. Katika miaka ya 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wengine, iliendesha kazi iliyoitwa kwa Kiswahili Maziwa Zaidi. Ilifanyika Lushoto na Handeni mkoani Tanga, na Mvomero na Kilosa mkoani Morogoro. Wazo lililojaribiwa lilikuwa la vitovu vya biashara: mfugaji apeleke maziwa mahali pamoja, na kwa dhamana ya maziwa hayo akopeshwe chakula cha mifugo, dawa au huduma ya uhimilishaji. Malipo ya maziwa yakawa njia ya kuvuta huduma zinazomsaidia mfugaji kukamua zaidi.

Mkonge wa Tanga una hadithi ndefu zaidi, na ndani yake swali la nani anaongoza mnyororo linaonekana wazi zaidi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, Pangani, ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo 62 likaota zao lililoijenga Tanga. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna takriban tani 230,000 za katani, na hakuna nchi iliyoifikia. Kisha kamba za plastiki zikachukua soko la kufungia marobota ya majani katika mashamba ya Ulaya na Amerika, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yamekaribia tani 20,000.

Enzi za neema ya mkonge, kabla bei haijaanguka, mnyororo mzima ulikuwa wa mwenye shamba. Ardhi yake, reli ndogo yake, korona yake ya kukamulia majani, chumba cha brashi chake. Mfanyakazi aliajiriwa kutoka mbali na kujulikana kwa namba, ndipo likatoka neno "manamba", na malipo yake yalihesabiwa kwa kipande. Kilichotoka shambani kilikuwa singa zilizofungwa marobota, na kazi ya kuzigeuza kuwa bidhaa ilifanyika kwa sehemu kubwa ng'ambo.

Swali hilo la nani anaongoza ndilo walilolishika watafiti waliokuja baada ya Porter. Mwaka 1994 Gary Gereffi na Miguel Korzeniewicz walihariri kitabu kilichoitoa dhana hii ndani ya uzio wa kampuni moja na kuitandaza duniani. Mwaka 2005 Gereffi, John Humphrey na Timothy Sturgeon wakaeleza namna tano za kile kinachofaa kuitwa "utawala wa mnyororo". Ya kwanza ni ya soko: mama wa Makorora anayenunua maziwa kwa jirani na kesho akitaka ananunua kwa mwingine. Ya pili ni ya moduli: kiwanda cha kamba kinachotengeneza kwa vipimo vya mnunuzi lakini kwa mashine na ujuzi wake chenyewe. Ya tatu ni ya uhusiano: pande mbili zinazotegemeana kwa ujuzi na imani, kama ushirika na kiwanda chake. Ya nne ni ya kufungwa: mzalishaji mdogo asiye na pengine pa kupeleka mali. Ya tano ni ya ngazi: kila kitu chini ya mmiliki mmoja, kama shamba la mkonge la kikoloni.

Namna ya nne ndiyo inayorudisha maana ya zamani ya neno "mnyororo". Tangu mwaka 1999 wakulima wadogo wamepewa mashamba ndani ya mashamba makubwa ya mkonge ya Korogwe, kama Hale, Ngombezi na Magoma, na leo wana vyama vyao vya ushirika vya mazao. Mkulima analo shamba, lakini jani la mkonge likishakatwa halikai. Lisipofika kwenye korona mapema, linakauka na singa hazitoki vizuri. Korona ni mashine ghali, na kwa shamba zima huenda ikawa moja. Mwenye korona ana sauti hata kama hana hekta moja. Uwezo huo hautokani na tabia yake njema wala mbaya, unatokana na uhai mfupi wa jani. Maziwa yana sheria hiyohiyo, na majani ya chai ya Usambara pia.

Mkonge unafundisha jambo jingine. Katika jani zima, singa ni asilimia 2 hadi 4 tu. Kilichobaki kilitupwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2008 mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki hayo ulizinduliwa Hale. Watafiti John Humphrey na Hubert Schmitz wamezitenga njia nne za kile ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa "kupanda daraja", msemo ambao mashabiki wa Coastal Union na African Sports, klabu za soka za Tanga, hawahitaji kufafanuliwa. Mzalishaji anaweza kupanda kwa kuboresha mchakato, kwa kuboresha bidhaa, kwa kushika kazi mpya katika mnyororo, au kwa kuhamia mnyororo mwingine. Singa safi zaidi ni njia ya pili. Kusokota kamba hapahapa ni ya tatu. Umeme wa Hale ni ya nne.

Hapo ndipo gharama ya kusema "kuongeza mnyororo wa thamani" inapoonekana. Msemo huo unaibakiza njia ya tatu peke yake, ya kiwanda na usindikaji, na kuzisahau nyingine. Unamfanya mkulima aonekane hana mkakati mpaka atakapokuwa na mashine. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulisema jambo hili sawasawa: mnyororo unachorwa, unachambuliwa, unafupishwa au unaimarishwa, thamani inaongezwa, mzalishaji anapanda daraja, na utawala wa mnyororo unajadiliwa mezani, pande zote zikiwapo. Mwalimu wa biashara, afisa ushirika na mwandishi wa habari wakiyashika maneno hayo, mkutano wa wakulima utabadilika, kwa sababu swali litakalofuata baada ya "tusindike" litakuwa "kwa masharti ya nani".

Maziwa ya jioni yanafaa kuwa jaribio. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku, lakini pasipo na ubaridi maziwa ya jioni hayafiki asubuhi yakiwa mazima, hivyo hunywewa nyumbani, huachiwa ndama au huuzwa kwa jirani kwa bei itakayopatikana. Tanki la kupoza lililo karibu na kijiji lingeyaingiza kwenye mnyororo bila kiwanda kipya na bila ng'ombe wa ziada. Ni kupanda daraja kwa njia ya kwanza, ya mchakato. Kinachobaki kuamuliwa ni kama tanki hilo litakuwa la chama cha wafugaji, la kiwanda au la mfanyabiashara binafsi, maana mwenye tanki ndiye atakayepanga bei ya lita ya jioni.